Mita Iliyohama na Mume

Enelesi alikuwa anachekecha unga wa ulezi wa togwa aliposikia sepeto likigonga chuma nyuma ya bafu. Huko nyuma hakuna mtu mwenye shughuli isipokuwa yeye. Akatoka na chekecheke mkononi, akawakuta wanaume wawili wa shirika la maji wamekwisha kufukua shimo. Mmoja alikuwa amebana kwapani mita ya maji ya Enelesi kama mtu aliyetoka kununua kuku.

"Mnafanya nini hapo?"

"Tunahamisha, mama," akasema mwenye sepeto. "Mteja amehama."

"Mteja gani amehama? Mimi si huyu hapa mnaniona?"

Yule mtu akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua kwa vidole vyenye matope. "Laitoni Chikaonda. Amehamia ng'ambo ya mto, Nakaluma."

"Huyo alihama wakati wa mavuno. Blanketi lake nilimfungia mimi mwenyewe, na jembe, na ile redio yake mbovu. Bomba sikumfungia."

"Mita inamfuata mteja, mama. Sisi tumetumwa tu."

Wakachongoa kijiti, wakakizungushia mfuko wa plastiki, wakaziba nacho mdomo wa bomba, wakafukia. Kisha yule mwenye mita akanyoosha mikono yake miwili. "Tupatie maji kidogo basi tunawe."

Enelesi aliielekeza chekecheke kwenye mita. "Maji si hayo umeyabeba kwapani," akasema. "Nawa."

Walipoondoka alikaa juu ya kinu, unga umemwagikia kwenye kitenge, na wala hakulia. Laitoni alipoondoka alilia kwa siku zake akamaliza. Hili la leo halikuwa jambo la kulia. 

Kwetu huku mwanamume ndiye humfuata mke. Laitoni alikuja katika kiwanja kile na shoka, blanketi na viatu vya kuazima, na kiwanja kilikuwa cha mama yake Enelesi, na kabla ya mama yake kilikuwa cha bibi yake. Mwanamume akifukuzwa, au miguu yake ikimwasha kama ilivyomwasha Laitoni, huondoka na vitu vyake vya mkononi. Kuta alizojenga hubaki. Mti alioupanda hubaki. Hakuna aliyewahi kusikia mume ameng'oa dirisha akaenda kulipachika kwa mke mwingine. Hata Laitoni, pamoja na mapungufu yake yote, hakugusa dirisha.

Na bomba lenyewe nani alilileta? Enelesi. Alisumbuka miaka miwili mpaka akaingizwa kwenye foleni ya shirika. Shirika hutoa bomba na fundi, lakini mtaro kutoka barabarani mpaka uani huchimba mteja mwenyewe. Wiki ile ya kuchimba, Laitoni mgongo ulimkamata. Alilala kibarazani akiuonyesha mtaro njia kwa fimbo, "sogea kushoto hapo, kuna jiwe," na Enelesi akachimba na Tadala mgongoni, mtoto akikohoa vumbi. Siku ya kufunguliwa maji mgongo ulipona. Laitoni akavaa koti, akafungua koki yeye, majirani wakampigia vigelegele.

Hata jina, Laitoni aliandikisha lake. Siku ile walikuwa wamesimama wawili kwenye dirisha la ofisi ya shirika. Karani alikuwa Bwana Nyirenda, mtu wa kaskazini. Huko kwao mke hutolewa ng'ombe akapelekwa nyumbani kwa mume, na nyumba ni ya mume na baba yake na babu yake. Nyirenda akauliza, "Mwenye nyumba?" na alipouliza alikuwa anatazama tai ya Laitoni. Enelesi akasubiri mumewe aseme kwamba nyumba ni ya mke wangu. Laitoni akatazama dari, akakohoa, akasema, "Chikaonda. Laitoni." Enelesi akanyamaza. Hakusoma, na aliona si neno. Jina la karatasini haliwezi kuja uani kuteka maji.

Kumbe linaweza.

Asubuhi iliyofuata alikuwa dirishani. Nyirenda alikuwa yule yule, ila nywele zilikuwa zimemwacha na miwani ilikuwa imekuja.

"Kuna kosa limetokea," Enelesi akasema. "Watu wako wamechukua mita yangu."

Nyirenda akauliza namba, akafungua mashine yake, akasoma kwa midomo. "Hakuna kosa. Mteja ameomba kuhamishiwa huduma, amehamishiwa."

"Mteja ni mimi."

"Mteja ni Laitoni Chikaonda."

"Huyo alikuwa mume wangu. Nyumba ni yangu. Alikuja na shoka."

"Mama, hapa hatuandiki mashoka." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyechoka. "Kama hukubaliani, aje mwenyewe aseme."

"Mwenyewe ni mimi nakwambia."

"Aje yeye, basi. Au uombe kama mteja mpya. Utaleta hati ya kiwanja."

"Kiwanja cha bibi yangu kitakuwa na hati gani? Bibi alizikwa pale, nenda ukamsome kaburini."

"Basi barua ya chifu wa mtaa. Dirisha la pili watakueleza."

Dirisha la pili lilikuwa limefungwa, mwenye dirisha amekwenda kula. Enelesi akakaa kwenye benchi chini ya bango lenye picha ya mtoto anakunywa maji. Akamwomba mwanamke aliyekaa naye amsomee. "Linasema maji ni haki yako," yule mwanamke akasema, na wote wawili wakalitazama bango lile.

Mwenye dirisha aliporudi alisema barua ya chifu itafaa, ila mita mpya stoo hazipo, zilitarajiwa tangu mwaka jana, na zikija watu wa foleni ya zamani kwanza. Kwa hiyo, mama, hata ukileta barua leo, utasubiri. Kwa kusubiri kule, akaongeza, angemshauri apatane na mumewe.

"Nipatane naye au na mita?" Enelesi akauliza.

"Vyovyote vile," akasema yule kijana, akaanza kuchokoa meno.

Kwa hiyo sasa ikawa safari za kioski cha maji sokoni. Kioski hufunguliwa mwenye funguo akiamka, na mwenye funguo haamki. Enelesi na Tadala, ambaye sasa ni msichana wa kuvunja ungo, walipanga ndoo kwenye mstari alfajiri, wakaziacha ziwapangie foleni, wakirudi wanakuta ndoo za watu wengine zimezaa katikati. Togwa haitaki hivyo. Togwa inataka maji mengi, yaje kwa wakati, na masufuria yasuguliwe yang'ae, kwa sababu wanunuzi wake ni wauguzi wa hospitali ya wilaya na muuguzi akiona ukoko kwenye kikombe haji tena. Kwanza Enelesi alipunguza ndoo za togwa kutoka tatu hadi moja. Siku nyingine alikosa hata hiyo moja, na mwanamke mmoja wa mtaa wa juu, ambaye togwa yake ni maji ya kuoshea mikono, akaja akakaa pale pale getini kwa hospitali alipokuwa anakaa Enelesi.

Na majirani. Hawa walioteka kwake miaka yote bure, msiba wakija kwake, harusi wakija kwake, sasa walimpita kwenye foleni wakiwa na sura za huruma. Sinosi, wa nyumba ya pili, huruma yake ilikuwa na meno.

"Shoga, nimepita Nakaluma jana," akasema wakiwa kwenye foleni, kila mtu anasikia. "Nimeliona bomba lako. Limependeza. Wamelijengea na sakafu."

"Sawa."

"Wanasema bomba nalo limeolewa. Yule mke wake mpya, Modesta, analifunga kufuli usiku."

"Afadhali. Angemfunga na Laitoni kufuli."

Watu wakacheka, Sinosi akacheka pia, lakini Enelesi alirudi nyumbani na ndoo kichwani akihesabu makosa ya kila mtu aliyemjua, na alipofika uani hesabu ilikuwa imefika kwa kaka yake.

Jailosi, kaka yake, ndiye mshenga wa ndoa ile kwa upande wao. Kwetu ndoa hufungwa na washenga, jogoo akabadilishwa kwa tetea mbele ya watu, na tangu siku hiyo kila mgogoro wa ndoa ni mzigo wa mshenga. Mzigo pekee alioubeba Jailosi tangu siku ile ulikuwa yule jogoo.

Enelesi alimkuta kwake, anashona kiatu kibarazani.

"Dada, mambo ya ofisi siyawezi," Jailosi akasema kabla hajaulizwa. "Mimi nashughulika na ndoa. Ndoa ilikwisha. Hayo ya mabomba ni ya serikali."

"Kaka, jogoo wa ndoa yangu alimla nani?"

"Tulimla wote."

"Mimi nilipata shingo. Paja lilikuwa mdomoni mwako, nakukumbuka mpaka leo unavyotafuna. Nilipoumizwa na yule mwanamume hukuja. Alipoondoka hukuja. Ulituma salamu. Sasa amechukua kitu cha uani kwa mama yetu, pale ulipotambaa wewe, na bado unashona kiatu."

"Unataka niende nikamwambie nini?"

"Usimwambie yeye kitu. Huyo hata nilipokuwa namwambia mimi alikuwa anatazama dari. Nenda kwa mshenga wa Modesta."

Jailosi akautoa uzi mdomoni. Hakuwa amefikiri upande huo. Alivaa viatu, ambavyo havikuwa vyake, vilikuwa vya mteja, na wakaenda.

Mshenga wa Modesta alikuwa mjomba wake, Mzee Kadewere, fundi baiskeli mwenye sauti ndogo, mtu wa kuchukua muda. Aliwaandalia mkeka. Akamwita Modesta, akamwita na Laitoni, ambaye alitoka ndani akifunga vifungo vya shati na alipomwona Enelesi akasahau kifungo kimoja. Bomba lilikuwa pale mbele yao, kwenye sakafu mpya ya saruji, kufuli linaning'inia kwenye koki. Enelesi aliitambua mita kwa ule mkwaruzo iliopigwa na jembe lake mwaka wa mvua nyingi.

Jailosi akaeleza, vizuri kuliko alivyotarajia dada yake. Mzee Kadewere akasikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia Laitoni.

"Ulipokuja hapa, baba, ulikuja na nini?"

"Blanketi," Laitoni akasema. "Jembe. Redio."

"Na mimi niliyempokea jogoo wako ndivyo nilivyoambiwa. Blanketi, jembe, redio. Mita sikuambiwa."

"Mita ni ya shirika, mzee. Mimi ni mteja tu. Kisheria inanifuata."

"Inakufuata." Mzee Kadewere akaitazama mita kama mbwa wa mtu mwingine aliyeingia uani. "Kwa hiyo ukiondoka hapa nayo itakufuata?"

Laitoni akatazama juu. Hapakuwa na dari, akatazama mwembe wa jirani.

"Swali dogo tu," mzee akaendelea kwa sauti yake ile ndogo. "Kiwanja hiki ni cha dada yangu, mama yake Modesta. Hapa chini kuna chuma chenye jina la Chikaonda. Kesho mkigombana utakuja na watu wa sepeto?"

"Hatutagombana, mzee."

"Na kule hamkugombana?"

Modesta alikuwa amekaa pembeni ya mkeka. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko Enelesi, lakini si kwa kiasi ambacho Enelesi alikuwa amejitesa nacho. Sasa akamtazama Laitoni. "Mtaro nilichimba mimi," akasema polepole. "Ulisema mgongo."

Enelesi akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka puani, akajifuta kwa kitenge. "Alikuonyesha njia kwa fimbo?"

Modesta akakubali kwa kichwa. Halafu akamgeukia mjomba wake. "Basi niandikwe mimi. Twende ofisini iandikwe jina langu, hata akiondoka ibaki."

 Enelesi alikuwa amekuja kuchukua mita na sasa alikuwa amemfundisha mke wa watu jinsi ya kuishika kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema Mzee Kadewere. "Kitu kimetoka kwenye ua wa wanawake wengine. Kikikaa hapa, watu watasema ukoo wa Kadewere unaolewa na mabomba. Laitoni, utairudisha. Na wewe Modesta utaomba lako, kwa jina lako, usubiri kama watu."

"Nisubiri kioski, mjomba?"

"Usubiri kioski."

Modesta aliingia ndani, na mlango aliufunga kwa nguvu ambayo Enelesi aliielewa kabisa, ingawa hakutaka.

Wakaenda ofisini wanne: washenga wawili, Enelesi, na Laitoni nyuma akivuta miguu. Nyirenda akawasikiliza kupitia tundu la kioo.

"Mteja anataka kuhama tena," akasema.

"Hahami," Enelesi akasema. "Anarudisha mita. Uiandike jina langu, Enelesi Banda."

"Kubadilisha jina ni fomu ya kubadilisha jina. Hizo hutoka makao makuu, zimekwisha tangu Pasaka. Ninachoweza leo ni kumhamisha mteja. Bwana Chikaonda, unahamia wapi?"

Laitoni akamtazama Mzee Kadewere, mzee akamtazama Enelesi.

"Ngoja," Enelesi akasema. "Ili mita irudi kwangu lazima uandike kwamba huyu amerudi kwangu?"

"Mita inamfuata mteja, mama."

"Na kwenye mashine yako ataonekana mwenye nyumba."

"Atakuwa alivyokuwa."

"Na fomu hizo zinakuja lini?"

Nyirenda akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Siwezi kukudanganya." Kisha, labda kwa kutaka kumsaidia, akaongeza, "Ingekuwa marehemu ingekuwa rahisi. Fomu za wajane zipo nyingi. Mjane anahamishiwa jina siku hiyo hiyo."

 Enelesi akamgeukia Laitoni, akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Jailosi naye akamtazama. Mzee Kadewere, mtu wa makini, akamtazama kidogo halafu akainamisha uso.

"Jamani, mimi nipo hapa," Laitoni akasema.

"Tunakuona," Enelesi akasema. "Nitasubiri."

Nyirenda akakohoa ndani ya ngumi, akasukuma fomu ya kuhama ili aliyepo nyumbani athibitishe kwa dole gumba kwamba mteja amerudi. Enelesi alisimama pale na kidole gumba chake kimelowa wino, karatasi mbele yake, akifikiria getini kwa hospitali, yule mwanamke wa togwa ya maji ya kuoshea mikono, na Tadala anayelala darasani kwa sababu ya ndoo. Alikuwa amemtoa Laitoni nyumbani kwa mikono yake na blanketi lake amelifunga vizuri. Sasa alitakiwa kumrudisha kwa dole gumba. Hata wezi huwa hawaombi uwawekee saini.

Akabonyeza.

Mafundi walikuja baada ya kupigiwa simu mara nyingi, wale wale wawili, na safari hii hawakuomba maji. Mtaro ulikuwa umefukiwa na mvua sehemu ya juu, na mteja ndiye anayechimba. Mzee Kadewere alimtuma mteja mwenyewe, na jembe lake. Enelesi aliweka kinu kibarazani, akakaa, akatafuta fimbo.

"Sogea kushoto," akasema. "Hapo kuna jiwe."

"Mama Tadala, mgongo wangu unaujua."

"Naujua sana. Chimba."

Alichimba mpaka jua likawa la kuchoma. Alipoomba maji ya kunywa, Enelesi alimwonyesha njia ya kioski. Alipomaliza, alisimama kidogo karibu na mlango kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu. Enelesi akaingiza kinu ndani. Laitoni akachukua jembe lake, akaondoka.

Mafundi wakafunga mita, wakafungua koki. Ikatoka hewa, ikapiga chafya, ikatulia. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka kule juu mlimani, wakasema, litatengenezwa, na wakaondoka. Enelesi akakaa siku zile akiweka ndoo chini ya koki kavu na kwenda kioski akiwa na ndoo nyingine, mpaka asubuhi moja akasikia kitu kinadondoka, akatoka, akakuta maji ya rangi ya chai. Akayaacha yatiririke mpaka yakawa maji. Kisha akatoa kufuli jipya mfukoni, akalifunga kwenye koki. Lile wazo alikuwa ameliona Nakaluma, na hakuona aibu kuliiga.

Sinosi alifika na ndoo kabla ya chai.

"Shoga, limerudi kwa mumewe."

"Limerudi. Nenda kioski."

Siku hizi Enelesi anauza ndoo tatu getini kwa hospitali, na yule mwanamke mwingine amesogea mbali. Kila akipita ofisini huuliza fomu za kubadilisha jina, na Nyirenda hutikisa kichwa kabla hajafika dirishani. Hilo amelizoea. Asilolizoea ni msomaji wa mita. Kila mwisho wa mwezi huja kijana mwenye mkoba, husimama kwenye ua na kuita jina la mteja kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa.

"Laitoni Chikaonda. Laitoni Chikaonda yupo?"

Enelesi huwa anakoroga. Hainui kichwa.

"Bado mzima," husema. "Soma mita yako uende."